Vifungo

Kila alfajiri namfunga Efraín vifungo vya shati,
kuanzia cha chini. Cha juu nakiacha,
humkaba koo akakohoa.
Yeye hutazama dirishani
kana kwamba mikono iliyolala mapajani pake
ni ya mgeni aliyepitiwa na usingizi.
Ana miaka arobaini na mitatu.

Tunakaa juu, karibu na mpaka wa Kolombia,
ambako mashamba yameanikwa mteremkoni kama mablanketi.
Hapa kiazi ndicho ada ya shule,
ndicho harusi, ndicho jeneza.
Na fukusi hukijua kiazi kabla yetu:
buu lake huingia kimya,
nawe unachimba kitu kizuri kwa nje, ndani vichochoro.

Tunaiita dawa.
Nimewaza sana juu ya neno hilo.
Aliyeugua ni nani?

Don Wilmer alituuzia, viatu vyake vyeupe havikugusa tope.
"Changanya tatu," alisema. "Moja ya fukusi, moja ya ukungu,
moja ya kung'arisha majani."
Kijiti cha kukorogea kilipovunjika
Efraín alizamisha mkono ndani ya pipa hadi kiwikoni,
kama mtu anayetafuta pete.
Kopo lilikuwa na fuvu jekundu.
Watoto walilichora kwenye madaftari, wakalitia kofia.

Nguo zake nilizifua katika beseni
tuliloshea kabichi.
Ni mimi. Hakuna aliyenishika mkono.
Simbilisi kumi na wawili wa jikoni
walikula majani niliyoyakata ukingoni mwa shamba,
na kufikia usiku jiko lote lilinyamaza.
Hujui kelele ya simbilisi ni kubwa kiasi gani
mpaka usiisikie.

Kisha nesi akaja na ubao wenye matundu.
"Hamisha vijiti hivi, kimoja kimoja."
Mwanangu wa miaka sita alimaliza huku akicheka.
Baba yake aliangusha vitatu,
akasema mwanga ni hafifu.
Ilikuwa saa sita mchana.

Zoila Cuasapud, mjane wa bondeni,
hakuwa na fedha ya dawa, ndiyo maana
hakuna aliyemwiga.
Kabla ya kupanda hulaza mashina mabichi ya viazi shambani,
huyafunika kwa maboksi, akaenda kulala.
"Fukusi wetu haruki," aliniambia. "Anatembea kwa miguu, kama mimi na wewe.
Akichoka njiani, hupenda paa."
Kunapokucha hufunua,
huwazoa kwenye ndoo, huwamwagia kuku.
"Wewe unanunua sumu. Mimi nanunuliwa mayai."

Sisemi Zoila ni malaika.
Ukungu ukishuka wiki nzima bila jua
naye hupiga dawa, ile ya kibandiko cha buluu,
mara moja, glavu mikononi,
na hakuona haya kunieleza.
Mwaka mmoja hupanda maharage, ardhi isahau kiazi.
Wakati mwingine ardhi haisahau.

Mwaka wetu wa kwanza wa maboksi
tulivuna magunia thelathini. Jirani, arobaini na moja.
Efraín aliyahesabu mara mbili, hakula.
Ndipo nikamwekea mezani daftari la deni la Don Wilmer:
ukurasa mweupe.
Aliutazama muda mrefu.
Hesabu ile hatukufundishwa,
ya kupungukiwa na magunia na kubakiwa na hela.

Nesi anasema mishipa haisamehi haraka.
Mingine haisamehi.

Leo asubuhi nilikuwa nimeinama natafuta ndoo.
Nilipogeuka, alikuwa amefunga kifungo kimoja,
cha tatu, kwenye tundu la nne,
jasho limemtoka usoni katika baridi hii.
Sikukigusa.
Nilimwacha aende shambani hivyo hivyo,
shati limekwenda upande,
kuku nyuma yake.